Benadetha Alijua

Wanaosema Madam Somoe ana hasira za karibu, waache waseme. Hasira ninazo. Lakini kabla hujaniita mkali, kaa hapo nikueleze alichonifanyia Benadetha, mwanamke niliyekula naye sufuria moja miaka tisa, halafu uniambie kama wewe ungecheka.

Mimi ni mtu wa Kilwa Kivinje. Serikali ilinipangia kazi huku Nyasa nikiwa na miaka thelathini na miwili, mwalimu wa Jiografia, mume tumeachana, mtoto sina. Nilishuka kwenye basi pale Kitai na godoro, ndoo na mkeka wangu wa kuswalia, nikidhani nimefika. Watu wakanicheka, wakanipandisha tena: bado Mbinga, kisha uteremke milima mpaka ziwani. Nilipoliona ziwa kutoka juu moyo ulinitulia, nikajiambia nimerudi pwani. Nikashuka mpaka ufukweni nikaonja maji. Hayana chumvi! Nikakaa juu ya godoro langu nikalia, watoto wa shule wakinitazama.

Aliyeniinua pale ni Benadetha. Yeye ni Mmatengo wa Mpepai, Mkatoliki wa kuzaliwa, mwalimu wa Bailojia na matroni wa bweni la wasichana. Alichukua ndoo yangu akajitwika, akasema, "Twende dada. Nyumba ni moja, vyumba viwili, na mimi nimechoka kuongea na kuta." Nikacheka machozi hayajakauka.

Tukaishi. Mlango wa mbele unatazama shule, wa nyuma unatokea uani, na uani ndiko tunakopikia. Mama yake akileta maharage na kahawa kutoka Mpepai, nusu yangu. Nikiletewa nazi kutoka nyumbani, nusu yake. Nilimfundisha wali wa nazi, naye akanifundisha kuanika usipa, wale dagaa wa ziwa letu, bila kuingia mchanga. Nyama ya nguruwe hakuwahi kuiingiza ndani ya nyumba ile, wala sikumwomba. Akiwa na hamu anakwenda kula kwa watu, akirudi anapiga mswaki ndipo aniamkie. Mtu wa namna hiyo ukimwita ndugu, umekosea nini?

Ramadhani ya kwanza alinikuta uani saa sita mchana nakula muhogo. Akashika kiuno. "Wewe Somoe! Si umefunga?" Nikamvuta mkono akae kando yangu, nikamweleza kama mwanamke anavyomweleza mwenzake. Mwanamke akiwa kwenye hedhi hafungi wala haswali. Hakuambiwa akipenda, amekatazwa, na hata akishinda na njaa kutwa, saumu ile haihesabiwi. Swala za siku hizo amesamehewa. Saumu atazilipa baadaye, siku kwa siku, kabla Ramadhani nyingine haijaingia. Huo ndio udhuru wake. Benadetha alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Kumbe Mungu wenu anajua tunavyoumwa matumbo."

Tangu hapo akawa mlinzi wangu. Siku zangu zikiangukia ndani ya mwezi, ananipikia mwenyewe, anakaa kwenye kizingiti cha mlango wa uani na ungo wa maharage, na mwanafunzi akija anamwambia, "Madam amelala, lete hapa." Sikujificha kwa sababu nafanya dhambi. Nilijificha kwa haya, na kwa kuuheshimu mwezi. Na baada ya Idi akiniona nimefunga siku zangu za kulipa, ananihesabia: "Zimebaki ngapi? Tatu? Kaza moyo, shoga." Alijua kila kitu. Hilo mlishike.

Sasa niwaambie habari ya kipindi cha dini. Shuleni kwetu kipo kila Ijumaa. Wakatoliki wanakwenda ukumbini kwa katekista, Waanglikana wanabaki madarasani na mchungaji wao, na Waislamu, ambao katika wanafunzi mia nne hawazidi kumi na mmoja, walikuwa wanaokota takataka mpaka wenzao watoke. Mkuu wa shule, Mwalimu Evarist, akaniita. "Mwalimu, Mwislamu hapa kati yetu ni wewe peke yako. Wasaidie hawa watoto." Nikamwambia mimi si ustadhi, nilisoma chuo cha Kurani cha mtaani Kivinje kwa fimbo za mwalimu wangu, basi. Akasema inatosha. Tukapewa stoo ya majembe.

Wallahi niliipenda stoo ile. Tulianza na nguzo tano za Uislamu: shahada, yaani kukiri kwamba hapana mungu ila Allah na kwamba Muhammad ni mtume wake, kusimamisha swala tano, kutoa zaka, kufunga Ramadhani, na kwenda kuhiji Makka kwa mwenye uwezo. Tukaja nguzo sita za imani: kumwamini Mungu mmoja, malaika wake, vitabu vyake, mitume wake, siku ya mwisho, na kadari, kheri yake na shari yake. Watoto wenyewe sasa, wachokozi! Nilipofundisha tayamamu, kwamba mtu akikosa maji ya kutia udhu anatumia udongo safi, Twalibu akanyoosha mkono. "Madam, na ziwa lote hili, sisi tayamamu tutaifanyia wapi?" Nikamjibu, "Utaifanyia kwenu Kitai, bomba likikatika." Stoo nzima ikaangua kicheko. Siku ya zaka akauliza kama usipa wa kuanika unatolewa zaka. Nikamwambia akiufanyia biashara, mali ikafika kiwango na mwaka ukaizungukia, atatoa; ule wa mboga nyumbani kwao ale tu na asinisumbue.

Huyu Twalibu mumjue vizuri. Ni kijana wa kidato cha tatu. Baba yake, Mzee Mbwana, asili yake Tunduru, anauza vipuri vya pikipiki pale Kitai. Mtoto alikuja shuleni hajui hata udhu unaanzia mkono upi. Kila nilichosema alikiandika, na kila alichokiandika alikifanya. Mwalimu akimpata mwanafunzi wa hivyo hata mmoja katika maisha yake, ashukuru.

Na hapa nitaje kosa langu mwenyewe kabla hamjanisaidia kulitaja. Somo la funga lina orodha ya wenye udhuru, wale wanaoruhusiwa kula mchana wa Ramadhani. Kuna mgonjwa, msafiri, mzee asiyejiweza, mtoto mdogo, mjamzito na mama anayenyonyesha. Halafu kuna mwanamke aliye kwenye hedhi, au kwenye nifasi, damu ya baada ya kuzaa. Kila mwaka nikifika hapo naona wavulana saba wamenikodolea macho na wasichana wanne wameinamisha vichwa. Nikawa naruka. Nasema mjamzito, anayenyonyesha, haya, fungeni madaftari. Kwetu pwani mambo hayo msichana anaambiwa na kungwi wake chumbani, si stooni katikati ya wavulana na majembe. Nikajiambia mama zao watawaeleza. Miaka tisa nikajiambia hivyo.

Ramadhani iliyopita iliangukia masika. Mwezi huohuo nafasi ya makamu mkuu wa shule ilikuwa wazi, maana Mwalimu Tadei alikuwa amestaafu, na majina yaliyopelekwa yalikuwa mawili: la kwangu na la Benadetha. Nikamwambia, "Shoga, tusije tukagombana kwa ajili ya kiti." Akanipiga begani. "Tugombane kitu gani? Akipata mmoja tumepata wote." Nikaamini. Mimi mtu akinichekea huwa naamini upesi, na hiyo ndiyo hasara yangu.

Siku ya kumi na mbili ya mwezi, Jumanne, siku zangu zikawa zimefika. Benadetha alinipikia asubuhi ugali wa muhogo na usipa, akafunika. "Utakula saa sita, mimi leo nina vipindi mfululizo." Saa sita nikatoka darasani, nikakaa kwenye kigoda changu uani. Kizingiti kilikuwa kitupu. Niko kwenye tonge la pili nikasikia "Ho..." ikakatikia hapo hapo. Twalibu alikuwa amesimama kwenye kona ya nyumba na mzigo wa madaftari, midomo imemkauka kwa funga. Akautazama mkono wangu, akaitazama sahani. Nilitaka kusema, niseme nini na mdomo umejaa ugali? Akayaweka madaftari chini kwenye tope, akaondoka bila kuaga. Nilimwita mara mbili, hakugeuka.

Ijumaa nikaingia stoo. Wote kumi na mmoja wapo. Nikatoa salamu, wakaitikia watatu. Twalibu akasimama na daftari lake.

"Madam, ulituandikisha hapa kwamba anayekula mchana wa Ramadhani kwa makusudi bila udhuru amefanya dhambi kubwa. Ukatutajia wenye udhuru. Naomba kuuliza. Wewe ni mgonjwa?"

"Hapana," nikasema.

"Ulikuwa na safari?"

"Hapana."

"Ni mjamzito?"

Wavulana wakacheka. Sina mume, na shule nzima inajua sina mume. Uso ukaniwaka. Neno moja tu lingemaliza yote, na neno lenyewe ndilo nililokuwa nikiliruka miaka tisa; siku hiyo likagoma kabisa kutoka. Nikafoka, "Kaa chini, mtoto huna adabu wewe!" Akakaa. Kisha akalifunga daftari lake na kulisukuma mbali naye, na kipindi chote hakuandika kitu.

Wiki iliyofuata baba yake alikuja. Tulikuwa watano ofisini: Mwalimu Evarist, Mzee Mbwana, Twalibu, mimi, na Benadetha, aliyeitwa kwa kuwa anaishi na mimi. Mzee Mbwana hakunitukana. Afadhali angenitukana. Alisema kwa upole, kofia ikiwa magotini, "Mwalimu, mimi sikusoma. Huyu mwanangu alipokuja likizo akanifundisha mimi baba yake kutia udhu sawasawa. Nikamuuliza nani amekufundisha, akasema Madam Somoe. Nimekuombea dua kila Ijumaa tangu siku ile. Sasa ananiambia, baba, mambo yote yale yalikuwa maigizo. Nimjibu nini?"

Mkuu akanigeukia. "Mwalimu, una maelezo?"

Nikamtazama Benadetha. Sikutaka anidanganyie. Nilimwomba kwa macho sentensi moja tu: mwenzangu alikuwa na udhuru wa kike, na mimi ni shahidi. Yeye ni matroni. Yeye ni mwalimu wa Bailojia, na neno lile analiandika ubaoni kila mwaka kwa herufi kubwa na mchoro chini yake. Kwake halina uzito wowote. Benadetha akarekebisha kitenge chake.

"Mimi ni Mkristo," akasema. "Mambo ya dini yao siyajui. Ninachojua ni kwamba mwezi wa Ramadhani huwa anakula, na si mwaka huu tu. Mimi mwenyewe ndiye ninayempikia."

Yarabi toba! Kikulacho ki nguoni mwako, nimeisikia methali hiyo tangu sijajua kuvaa nguo mwenyewe, lakini sikuwahi kukaa ofisini na aliye nguoni mwangu, ananukia sabuni tuliyonunua pamoja. Mkuu akauliza tena kama nina maelezo. Mbele ya mwanafunzi wangu, mbele ya baba yake, mbele ya bosi wangu, nikasema sina.

Kipindi kikaondolewa kwangu. Mkuu akasema atamtafuta ustadhi wa kutoka Mbinga awe anakuja mara moja kwa mwezi, akijaliwa usafiri. Ijumaa watoto wakarudi kuokota takataka. Nilikuwa nawaona kwa dirisha la ofisi ya walimu, wameinama na mifagio huku wenzao wanaimba ukumbini. Umakamu niliusahau siku hiyo hiyo, Mungu ni shahidi. Nilichokilia ni stoo. Wawili kati yao walikuwa kidato cha nne na walijiandikisha mtihani wa taifa wa Elimu ya Dini ya Kiislamu. Nani angewafikisha?

Na Benadetha je? Jioni ile ile alinipikia futari! Siku zangu zilikuwa zimekwisha, nimerudi kufunga, na yeye ameshachemsha magimbi. "Usininunie, Somoe," akasema. "Niliogopa kukosea kusema mambo ya dini za watu." Mnajua nilifanyaje? Nilitaka kumwamini. Miaka tisa haitupwi jalalani kwa siku moja. Nikahamishia jiko langu la mkaa upande wa pili wa ua, lakini nyumba nyingine ya mwalimu haikuwepo, na salamu nikaendelea kumpa.

Siku nne baadaye nafundisha Jiografia kidato cha nne, saa tano asubuhi, Hairati akaanguka. Huyu ni mmoja wa wale wasichana wanne wa stoo, mpole, anakaa dawati la mbele. Tukambeba mpaka ofisini. Nikawafukuza wenzake, nikasema nakwenda kutafuta pikipiki nimpeleke zahanati, pengine ni malaria. Akanishika mkono.

"Si malaria, Madam. Ni siku zangu. Zinatoka nyingi, na nimefunga."

"Umefunga? Nani amekwambia ufunge na hali hiyo?"

"Wewe, Madam." Hakusema kwa ubaya. "Ulitutajia wenye udhuru, sisi hatumo. Basi tunafunga hivyo hivyo, wote wanne. Tena usiku tunafua kwa siri ili tuswali."

"Mama yako hakukwambia kitu?"

"Mama yangu ni Mwanglikana wa hapa Lundo, Madam. Baba ndiye Mwislamu. Mama angejuaje?"

Astaghafirullah. Nilikaa chini sakafuni kando ya benchi alilolalia. Siku nne nilikuwa namlaani Benadetha kwa neno moja alilolimeza ofisini, na mimi nimelimeza neno hilohilo mbele ya wasichana wangu mwaka baada ya mwaka. Watoto wa watu wakashinda na njaa na maumivu wakidhani wanamtii Mungu, kumbe wanaitii aibu ya Somoe. Kule pwani mama angewaambia, shangazi angewaambia, kungwi angewaambia. Huku mama zao wanakwenda kanisani. Aliyekuwepo wa kuwaambia ni mimi peke yangu.

Nikamkorogea maji ya sukari. Akasita, akatazama kikombe. Nikamwambia, "Kunywa, mwanangu. Mungu mwenyewe amekukataza kufunga leo." Akanywa chote, akaomba kingine.

Nikaenda moja kwa moja kwa mkuu. Nikamwomba kipindi kimoja, kimoja tu, na Mzee Mbwana aitwe. "Mwalimu, tunaanza tena?" akauliza. Nikamwambia sianzi, namaliza. Mwalimu Evarist si mtu mbaya. Akapiga simu Kitai.

Ijumaa ile Mzee Mbwana alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, mlangoni. Benadetha hakuwepo, sikumtaka. Nilichukua chaki nikaandika HEDHI kwenye ubao wetu mdogo, chaki ikakatika katikati, nikamalizia na kipande. Nikawafundisha yote niliyomfundisha Benadetha miaka tisa nyuma. Hafungi. Haswali. Swala amesamehewa, saumu atalipa. Zikikatika anaoga josho, kisha anarudi kwenye swala na funga yake. Kijana mmoja akaanza kukohoa kicheko, Hairati akamgeukia. "Unacheka nini? Wewe uliokotwa ziwani?" Akanywea.

Nikasema, "Siku aliyonikuta Twalibu nakula, nilikuwa na udhuru huu. Kula kwangu hakukuwa kosa. Kosa langu ni kwamba orodha niliyowapa niliikata mkia, nikaona haya kuwafundisha dini yenu. Wasichana mmeteseka kwa ajili hiyo. Naomba mnisamehe."

Mzee Mbwana alisimama, akavua kofia. "Mwalimu, nisamehe na mimi. Mke wangu siku hizo anakula nyumbani kwangu mwaka wa ishirini huu, na ninajua kwa nini. Pale ofisini halikunijia kabisa. Sikufikiri kwamba mwalimu naye ni mwanamke." Nilicheka, nikalia, sijui kipi kilitangulia. Mkuu akarudisha kipindi siku hiyo hiyo.

Wenzake walipotoka, Twalibu alibaki. Alisimama anachezea mpini wa jembe, kijana mrefu kuliko mimi.

"Madam, nisamehe. Lakini sikuja uani kwako kwa kutaka kwangu. Nilikuwa napeleka yale madaftari ofisini. Madam Benadetha akanisimamisha, akasema niyapeleke nyumbani kwako saa hiyo hiyo. Akasema nipitie uani, mlango wa mbele una siafu."

"Saa ngapi ilikuwa?"

"Saa sita, Madam. Aliangalia saa yake kwanza."

Hakukuwa na siafu. Mlango ule niliufagia mwenyewe asubuhi ile, na ningeona hata mmoja.

Benadetha nilimkuta uani anaanika usipa. Barua ya umakamu alikuwa ameshaipata siku mbili nyuma, na nilikuwa nimempa hongera, mjinga mimi. Nikamuuliza, "Siafu walikuwa mlango gani?" Hakujifanya haelewi. Aliendelea kutandaza usipa kwa vidole, taratibu.

"Niliitaka nafasi ile, Somoe. Nina miaka kumi na saba kwenye kazi hii. Jina lako ndilo lililokuwa juu."

"Ungeniambia. Ningeliondoa."

"Ungeliondoa kwa kunihurumia. Sikutaka kuhurumiwa na wewe."

"Na kama ningesema pale ofisini? Kama ningelitaja neno lile mwenyewe, ungeuweka wapi uso wako?"

Ndipo akanyanyua macho. "Nakujua," akasema. "Nilijua hutasema."

Hapo ndipo aliponimaliza. Kumtuma mtoto kulikuwa kubaya, na maneno ya ofisini yalikuwa mabaya, lakini hayo mtu anaweza kuyafanya kwa tamaa ya siku moja. Hili la kujua kwamba sitasema alilipata kwangu mimi. Nilimpa mwenyewe, siku niliyomvuta mkono akae kando yangu. Alikuwa akiilinda haya yangu pale kizingitini mwaka hadi mwaka, na alipohitaji kuniangusha aliishika hiyo hiyo. Darasani nafundisha kwamba kuvunja amana kunaitwa hiana, na watoto wanaandika. Siku ile nilitamani kumpiga na ule ungo. Sikumpiga. Niliingia chumbani kwangu nikafunga mlango, nikamsikia nje anaendelea kuanika.

Idi ikaja. Watoto wote kumi na mmoja walikuja uani kwangu tukapika pilau, na Vitalia, mpishi wa shule, akatuazima sufuria kubwa. Stooni tulikuwa tumesoma haki za jirani, kwamba jirani ana haki yake awe Mwislamu au asiwe, na ukipika chakula kikanukia umpelekee. Basi tukawa tunapakua sahani: ya mkuu, ya katekista, ya mchungaji, ya Vitalia. Watoto wanazibeba mbio mbio, wanarudi wanacheka.

Hairati akasimama na sahani tupu mkononi. Akautazama mlango wa chumba cha Benadetha, hatua sita kutoka nilipokaa. Mlango ulikuwa wazi na mwenyewe yumo ndani. Wengine wakaacha kutafuna, wakanitazama.

"Madam," Hairati akauliza, "na ya humu?"

Ningeweza kusema imetosha, sufuria imekwisha. Sufuria walikuwa wanaiona.

"Pakua," nikasema. "Weka na nyama."

Akapeleka. Nikamsikia Benadetha anasema ahsante, na sauti haikuwa sawa. Baadaye sahani ikarudi imeoshwa, ndani yake mayai matatu, maana huku chombo cha jirani hakirudishwi kitupu. Nikayachemsha, nikayamenya, nikawagawia watoto vipande vipande mpaka yakaisha. Mimi sikula.